Kutosha picha ku studio: namna ya kulinda picha zako

Huko Kirungu sawa na Kalemie, mutu akitaka picha ya karatasi anapeleka telefone ku studio ao anatuma kwa WhatsApp. Karatasi inatoka, analipa, anaenda. Lakini kopi inabakia mu ordinateri. Kesho picha ya binti yako inaweza kutokea ku Facebook kwa jina lingine, ao kadi yako ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ikatumiwa na wezi.

Mufanye hivi:

- Usiache telefone. Weka mu flashi tupu zile picha tu unazotaka kutosha.
- Simama karibu mupaka kazi iishe. Omba karatasi zilizoharibika pia.
- Wafute picha mbele yako, hata mu kapu la takataka la ordinateri, kwani kutoka mule zinarudishwa mara moja.
- Kufuta ku WhatsApp hakutoshe. Kile kilichokwisha kuingia mu ordinateri kinabakia.

Tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo iko na Kanuni ya Numeriki inayolinda habari za kila mutu, na picha ni moja yazo. Kuomba wafute si kumutukana mwenye studio. Ni haki yako.