Namna Tatu za Kuipumulisha Injini

Injini ya petroli ya kawaida ina kasoro ya kuzaliwa. Dereva akitaka nguvu kidogo, kilango cha hewa hujifunga, na pistoni huvuta hewa kwa taabu kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija uliobanwa. Mafuta mengine huishia kwenye taabu hiyo. Honda, BMW na Fiat zote zilitafuta kuipumulisha injini vizuri zaidi kwa kubadili kimo ambacho vali inafunguka, lakini kila moja kwa njia yake.

Honda ilichagua ngazi. VTEC ya mwaka 1989, ndani ya Integra, iliipa kamshafti, mhimili unaofungua vali, nundu fupi na ndefu. Injini ikichangamka, presha ya oili husukuma pini zinazounganisha roka, mikono inayosukuma vali, ili zote zifuate nundu ndefu; injini ya lita 1.6 ikatoa nguvu za farasi 160 bila turbo. Ndugu yake mpole, VTEC-E ya 1991, ndiye aliyefunza zaidi kuhusu uwakaji. Kwenye mwendo mdogo, vali moja ya hewa hufunguka kiduchu, nyingine kawaida. Hewa huingia upande mmoja na kuzunguka kwa kasi ndani ya silinda, hivyo hata mchanganyiko wenye petroli haba hushika moto vizuri.

BMW haikutaka ngazi. Valvetronic ya 2001 hutumia mota ya umeme kubadili kimo kwa mfululizo, toka chini ya milimita moja hadi zaidi ya 9. Vali yenyewe ikawa ndiyo kilango. Kwenye upenyo mwembamba hewa hupita kwa kasi, ikichanganyika vyema na petroli. Gharama yake ni vyuma vingi vinavyochezacheza.

Fiat, kwa MultiAir ya 2009, iliweka oili kati ya kamshafti na vali. Vali ya umeme ikiiachia oili, vali ya hewa hujifunga mapema. Inaweza hata kufunguka mara mbili katika mvuto mmoja.

Kwa wepesi wa kuamua, Fiat inaongoza. Kwa uvumilivu, nisingeipa ushindi: oili chafu au nzito kupita kiasi huvuruga hesabu yake yote. Naye mnunuzi wa Toyota Noah yenye mfumo wa Valvematic, ulioanza 2007, amepata wazo la karibu na la BMW: mota ndiyo hupanga kimo, si oili.