Majaji Wetu Tangu 1963: Nani Huwaweka, Nani Huwatoa?

Kila tarehe 12 Desemba tunapokutana hapa Stockholm tunaikumbuka bendera iliyopandishwa mwaka 1963. Mahakama tunaikumbuka mara chache. Hata hivyo wengi wetu tuna kesi ya shamba nyumbani Kenya, na wazee wetu wanangoja hukumu.

Katiba ya uhuru ilimlinda jaji: hakuweza kufutwa kabla ya jopo kumchunguza. Mwaka 1968 Kitili Mwendwa akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika. Lakini mwaka 1988, enzi ya chama kimoja, Bunge liliiondoa kinga hiyo. Mawakili na viongozi wa dini walipiga kelele, ikarudishwa mwaka 1990.

Sisi wauguzi tunaielewa kinga hii. Hapa Sweden mkuu wa wodi hupanga zamu, lakini hawezi kutufutia leseni kwa hasira zake. Kuna baraza la kusikiliza kwanza. Bila hilo, nani angethubutu kuripoti kosa la mkubwa?

Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji wanaoomba ujaji hadharani, kisha Rais huwateua iliowapendekeza. Ndivyo Willy Mutunga alivyokuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Na tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ilifuta uchaguzi wa Rais aliye madarakani.

Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua, akidai baadhi yao wana dosari. Mahakama Kuu ikasema hana hiari hiyo. Aliteua 34 Juni 2021 na kuwaacha sita. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Wale sita waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Miaka mitatu viti vilikaa vitupu, na faili zikarundikana.

Tusidhani Ulaya wameponea kwenye maandishi. Hapa pia Serikali ndiyo huteua majaji, baada ya bodi ya Domarnämnden kupendekeza. Sheria yetu ya 2010 ilikuwa wazi. Kilichokosekana ni kuiheshimu.

Basi tukipiga simu nyumbani, tusiulize mvua na bei ya unga tu. Tuulize pia majaji wamewekwaje. Haki ikicheleweshwa, kama dawa, huweza kumfikia mgonjwa akiwa amekwisha kuzikwa.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri!