Askari Weusi wa Missoula: Safari ya Baiskeli ya 1897 na Malipo Yake

Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1897, askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu cha jeshi la Marekani waliondoka katika ngome ya Fort Missoula, jimbo la Montana, kwa baiskeli. Waliongozwa na ofisa mzungu, Luteni James A. Moss, na walifuatana na daktari wa jeshi pamoja na kijana mwandishi wa gazeti la mji ule, Edward Boos. Walikuwa wakienda St. Louis, jimbo la Missouri, umbali wa maili 1,900 hivi, yaani zaidi ya kilomita 3,000. Walifika tarehe 24 Julai, siku ya 41 tangu kuondoka.

Wapenzi wa safari ndefu za baiskeli, wale wanaobeba wenyewe hema, chakula na vipuri bila gari la kuwafuata nyuma, huitaja safari hii kwa heshima kubwa, na wana haki ya kufanya hivyo. Upo hata hivyo usomaji wa pili, ambao huachwa pembeni mara nyingi. Safari ya Missoula ilikuwa jaribio la dola. Dola ilitaka kujua jambo fulani, ikatumia miili ya watu fulani kulijua, kisha ikawatendea watu hao kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa siasa anapaswa kuitafakari.

Tuanze na kikosi chenyewe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani liliruhusu watu weusi kuwa askari wa kudumu, lakini katika vikosi vyao peke yao na chini ya maofisa ambao karibu wote walikuwa wazungu. Kufikia 1869 vikosi hivyo vilikuwa vinne: viwili vya wapanda farasi na viwili vya miguu. Kikosi cha 25 kilihamishiwa Montana mwaka 1888. Kazi zake hazikuwa za kulinda mipaka tu. Mwaka 1892 baadhi ya kombania zake zilipelekwa Coeur d'Alene, Idaho, kulikokuwa na mgomo wa wachimba madini, na mwaka 1894 askari wake walilinda reli wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa treni. Wanaharakati wanaosoma hapa wataitambua mbinu hiyo mara moja: mnyonge hupewa bunduki asimame mbele ya mnyonge mwenzake, na mwenye mgodi hubaki nyuma ya wote wawili.

Moss alikuwa mzaliwa wa Louisiana. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho katika darasa lake, na kwa desturi ya wakati ule waliofanya vizuri walichagua vikosi kwanza. Vikosi vya weusi viliangukia waliobaki. Hata hivyo kijana huyu aliipenda baiskeli kwa dhati, na alipata bahati ya kuwa na sikio la juu, kwani Jenerali Nelson Miles, mkuu wa jeshi zima, aliamini kwamba chombo hiki kingeweza kuchukua baadhi ya kazi za farasi. Hoja ya Moss ilikuwa nyepesi kueleweka. Baiskeli haili majani, hailii usiku ikamshtua adui, haiinui vumbi jingi, nayo hufichika kirahisi. Kampuni ya Spalding ilitoa baiskeli bure, kwa kuwa nayo ilikuwa na tangazo la kuvuna.

Kiangazi cha 1896 kikundi cha kwanza cha watu wanane kikaundwa. Miezi michache kabla, mwezi Mei wa mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, iliyohalalisha sheria ya Louisiana ya kuwatenga weusi na weupe katika mabehewa ya treni. Kwa hiyo, wakati mahakama ikiamua mtu mweusi akae behewa gani, jeshi lilikuwa likiwafundisha watu weusi kuruka ukuta wa futi 9 pamoja na baiskeli zao, kuvuka mito wakiwa wamezibeba, na kuendesha kwa safu kama gwaride. Mwezi Agosti walikwenda kwanza hadi ziwa McDonald na kurudi, kisha wakafanya safari ndefu zaidi ya Yellowstone, karibu maili 800 kwa kwenda na kurudi. Picha yao wakiwa na baiskeli juu ya miamba ya chokaa ya Minerva Terrace ndiyo iliyosambaa zaidi, na hadi leo huchapishwa katika vitabu na mabango.

Safari ya 1897 ilipangwa kwa hesabu kali, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana mipango ya safari ni mahali pazuri pa kuona jinsi mamlaka inavyofikiri. Baiskeli tupu ilikuwa na uzito wa pauni 32, kama kilo 14 na nusu. Ikishafungwa mzigo ilifikia wastani wa pauni 59, karibu kilo 27. Rimu zilikuwa za chuma, uma wa mbele uliimarishwa, na cheni ilifunikwa isiingie tope. Blanketi na nusu ya hema vilifungwa mbele kwenye usukani, ili watu wawili wakikutana jioni waunganishe nusu zao na kupata hema moja. Chakula kiliwekwa katika kasha lililoingia ndani ya fremu. Juu ya hayo yote kila askari alibeba bunduki ya pauni 10 na risasi 50. Tairi za akiba, vipuri na vifaa vya kuziba pancha viligawanywa kati ya watu, na fundi wao alikuwa askari mwenzao, John Findley, ambaye ndiye aliyezijua baiskeli kuliko wote.

Kiini cha mpango kilikuwa chakula. Kila mtu alibeba posho ya siku mbili, na posho mpya ilitangulizwa kwenye vituo vilivyoachana kwa maili 100 hivi. Mwenye kujua kugawanya ataona mara moja kwamba ramani ilishaamua mwendo: maili 50 kwa siku, mvua inyeshe au jua liwake. Mpango wa namna hii ni mzuri mezani. Barabara ikigoma, hakuna wa kumwambia mwenye meza, na pengo hujazwa na tumbo la anayetembea.

Nayo barabara iligoma tangu siku za mwanzo. Mvua ya Montana iligeuza udongo wa mfinyanzi kuwa gundi iliyoshika tairi, ikajaa kwenye uma hadi magurudumu yakakataa kuzunguka. Askari walishuka, wakakwangua tope kwa vijiti na visu, wakasukuma, wakakwangua tena. Juu ya milima ya Rocky walikuta theluji mwezi Juni. Pale barabara iliposhindikana kabisa walipanda kwenye tuta la reli na kwenda juu ya mataruma, wakitikiswa mifupa hatua kwa hatua. Walipita katika ardhi ya Wacrow na katika uwanja wa Little Bighorn, ambako miaka 21 kabla Walakota na Wacheyenne walikuwa wamewashinda wapanda farasi wa Custer. Ardhi yote ile ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyewe katika kumbukumbu ya watu waliokuwa hai bado, na jeshi hilohilo lilikuwa chombo cha kuichukua. Sioni sababu ya kuwasamehe askari weusi jambo hilo, wala sioni sababu ya kuwahukumu wao kabla ya waliowatuma.

Sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa vilima vya mchanga vya magharibi mwa Nebraska. Mchanga ulikuwa mzito kiasi kwamba baiskeli ilikuwa mzigo wa kukokota, joto lilikuwa kali, na maji ya sehemu zile yana magadi yanayovuruga tumbo. Wengi waliugua, na Moss mwenyewe akaugua, ikabidi daktari ashike uongozi kwa muda huku askari wakiendelea mbele. Ukizitoa siku za kupumzika na kutengeneza, siku halisi za mwendo zilikuwa 34, kwa wastani wa maili 56 hivi kwa siku. Maana yake, pamoja na tope, theluji, mchanga na ugonjwa, waliupita mwendo ambao ramani iliwapangia.

St. Louis iliwapokea kwa shangwe. Waendesha baiskeli wa mji walitoka kuwalaki na kuwasindikiza hadi bustani ya Forest Park, na maelfu ya watu wakaja kuwatazama wakionyesha mazoezi yao. Baada ya hapo askari walirudishwa Missoula kwa treni, na baiskeli zikarudishwa kwa mwenyewe, Spalding. Moss aliandika taarifa yake. Tunajua kutoka humo na kutoka kwa habari za Boos jinsi tairi zilivyostahimili, rimu zilivyofanya kazi, na mzigo ulivyokaa. Tunajua hata kwamba askari walikuwa na umri wa kati ya miaka 24 na 39, na kwamba walipimwa uzito. Yaani walipimwa kama baiskeli zilivyopimwa. Walichofikiri juu ya safari ile, walichozungumza usiku wakiwa wawili wawili chini ya nusu zao za hema, au walivyojisikia walipoingia Missouri, jimbo ambalo lilikuwa na watumwa hadi 1865, hayo hayakuwa na safu yake kwenye jedwali.

Mtafiti wa historia hujifunza kuwa na shaka na kumbukumbu za aina hii. Ukimya ndani ya nyaraka hauna maana kwamba watu walinyamaza. Una maana kwamba aliyeshika kalamu hakuulizwa na mkubwa wake awasikilize.

Moss alitaka safari nyingine, mara hii hadi San Francisco. Haikufanyika. Mwaka 1898 Marekani iliingia vitani na Hispania, na Kikosi cha 25 kilikuwa kati ya vikosi vya kwanza kuitwa. Kiliondoka Missoula siku ya Pasaka, na wenyeji wa mji, wengi wao wazungu, waliahirisha ibada ili wawaage stesheni. Tarehe 1 Julai kikosi kilipigana El Caney, Cuba, kisha kikapelekwa Ufilipino. Baiskeli zilisahauliwa. Mtu angedhani kwamba watu waliopita kwenye majaribio kama haya walikuwa wamekwisha kulipa, kwa jasho na kwa damu, bei yoyote ya uraia ambayo nchi ingeweza kuidai.

Mtazame mmoja wao, Sajini Mingo Sanders, ambaye katika safari ya 1897 ndiye aliyekuwa mkubwa wa askari wote 20. Alijiunga na jeshi mwaka 1881. Alipigana Cuba, alipigana Ufilipino, na mwaka 1906 alikuwa sajini mkuu wa Kombania B, iliyohamishiwa Fort Brown katika mji wa Brownsville, Texas. Wazungu wa mji ule hawakuwataka askari weusi na hawakuficha. Usiku wa tarehe 13 Agosti risasi zilirindima mitaani, mhudumu wa baa mzungu akauawa na ofisa wa polisi akajeruhiwa. Wenyeji wakasema ni askari. Maofisa wazungu wa kikosi walisema watu wao walikuwa kambini. Hakuna askari aliyefikishwa mahakamani, wala aliyepatikana na hatia. Wachunguzi waliwataka wawataje waliohusika, na walipojibu kwamba hawajui, jibu hilo likahesabiwa kuwa njama ya kunyamaza.

Mwezi Novemba Rais Theodore Roosevelt aliamuru askari 167 wa kombania tatu wafukuzwe jeshini bila heshima, bila pensheni, na wazuiwe kuajiriwa serikalini. Amri ilitangazwa baada ya uchaguzi wa Bunge, wakati kura za weusi wa kaskazini zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba tarehe ya tangazo huwa sehemu ya tangazo. Booker T. Washington alimsihi Roosevelt asifanye hivyo, na Seneta Joseph Foraker alipigana kwa miaka miwili bungeni, bila mafanikio makubwa. Mwaka 1910 askari 14 waliruhusiwa kurudi jeshini. Sanders hakuwa mmoja wao. Alikuwa ametumikia miaka 25, na ilimbakia kama mwaka mmoja na nusu tu apate pensheni yake.

Kulikuwa na wakati, na bado upo, ambapo watu wanaobaguliwa huambiwa wajithibitishe kwanza: wawe wasafi, wawe na nidhamu, wafanye kazi mara mbili ya wengine, na haki itafuata yenyewe. Sioni mfano mkali wa kulijibu wazo hili kuliko maisha ya Sanders. Nidhamu yake ilikuwa imeandikwa katika nyaraka za jeshi lenyewe, kwa maili na kwa pauni, na nyaraka hizo zilikaa kabatini siku ile alipozihitaji. Aliyekosa ushahidi wa hatia ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuhukumu.

Mwaka 1972 jeshi la Marekani lilifuta adhabu ya Brownsville na kuwarudishia wote heshima yao, bila mishahara ya nyuma. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa, Sanders akiwemo. Bunge lilimpa Dorsie Willis, aliyekuwa hai bado na mzee sana, dola 25,000, fedha alizozipokea mapema mwaka 1974. Mwaka huohuo kikundi kidogo cha watu kutoka Chuo Kikuu cha Montana, katika programu ya masomo ya watu weusi, kilifunga mizigo kwenye baiskeli pale Missoula na kuifuata njia ya 1897 hadi St. Louis.