Kutoka Mvumi hadi Pwani ya Wamwani: Vitamini A, Asidi ya Retinoiki na Lugha ya Kinga

Mnamo mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Mvumi, mkoani Dodoma, kuhusu watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 waliongezewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo. 92 walipata matibabu ya kawaida pekee. Katika kundi la kwanza walifariki 6, katika la pili 12. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza vitamini hiyo itumike kutibu surua penye upungufu wake. Tiba ilitangulia maelezo, kwani kirutubishi kilichosifika kwa kulinda macho kilikuwa sasa kinaokoa maisha.

Sehemu ya maelezo ilipatikana mwaka 2004, Makoto Iwata na wenzake walipoonyesha kwamba seli dendriti za utumbo huigeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo huzielekeza limfosaiti T zirejee kuulinda utumbo. Tafiti zilizofuata zilibaini kuwa seli hizo zikichochewa, uzalishaji wake huongezeka. Mwili usio na akiba ya vitamini hukosa malighafi ya kazi hiyo.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, maarifa haya yanahitaji njia ya kuwafikia walezi. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na lile la Palma la Machi 2021, familia nyingi zimehama na huduma za afya zimevurugika. Wazazi wengi huzungumza Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, ilhali lugha rasmi ni Kireno. Hatari ya pengo hilo inajulikana: kaskazini mwa Msumbiji, klorini ya kusafishia maji, *cloro* kwa Kireno, iliwahi kuvumishwa kuwa ndiyo *cólera*, kipindupindu chenyewe, na wahudumu wakashambuliwa.

Mama anayeona kidonge chekundu kikikatwa na mafuta yake kudondoshewa mwanawe ana haki ya kuelezwa sababu. Kiswahili tayari kina maneno *kinga*, *upungufu* na *kirutubishi*. Kimwani ni jirani yake wa karibu. Istilahi hizo zijaribiwe kwanza na wazungumzaji wenyewe, kisha zitangulie kufika kijijini kabla ya kidonge.