Kimo cha miti ya Yangambi

Picha ya kawaida huhifadhi ukali wa mwanga peke yake, wala haielezi mwanga huo umetoka umbali gani. Ndiyo maana holografia, mbinu iliyobuniwa na mwanafizikia Dennis Gabor mwaka 1947 ili kunasa pia jinsi mawimbi yanavyopishana, iliurudisha ule undani wa kitu ambao kamera huupoteza. Katika misitu ya Tshopo, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, undani unaokosekana ni kimo cha miti, na kukosekana kwake kumepotosha hesabu nzito.

Yangambi, iliyo humo Tshopo kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa Kisangani, ilikuwa makao ya utafiti ya INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa na Ubelgiji mwaka 1933, ambayo mrithi wake ni INERA ya leo. Kupima unene wa shina ni kazi ya utepe tu, lakini kilele hufichwa na matawi yaliyofungamana; kwa hiyo wataalamu wa misitu ya tropiki walizoea kukisia kimo kutokana na kipenyo, kwa kanuni zilizotungwa kwa vipimo vya misitu mingine. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Elizabeth Kearsley walionyesha kwamba miti ya Yangambi ni mifupi kuliko kanuni hizo zilivyodai, hivyo kaboni iliyohesabiwa humo ilikuwa imezidishwa. Ni ugunduzi uliostahili kusikika zaidi ya ulivyosikika, kwa maana mapatano ya kimataifa ya kuhifadhi misitu hutegemea hesabu hizo.

Tiba ilitoka kwa lidari, kifaa kinachorusha mapigo ya leza kutoka kwenye ndege na kupima muda ambao kila pigo hutumia kugonga jani, tawi au ardhi na kurudi. Holografia husoma wimbi, lidari husoma muda, na zote mbili hutoa umbo lenye vipimo vitatu. Safari za ndege zilizoanza mwaka 2014 zilipima sampuli za zaidi ya hekta 432,000 nchini Kongo, na leza ya GEDI, iliyopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2018, ilianza kupima misitu kutoka juu mwaka 2019, ingawa mawingu mazito ya ikweta huizuia mara kwa mara. Hata hivyo leza haitambui uzito wa mbao: mlimbali, mti wa mbao nzito, na mti laini wa kichaka kipya, hata ikilingana kimo, hailingani kaboni, na tofauti hiyo bado huamuliwa na mtaalamu anayeufikia mti wenyewe kwa miguu na kuutambua kwa jina.