Aristotle Aliyepitia Baghdad

Anayetoka Jinja kwenda Mbale kwa kuzungukia Tororo hupita Busiu, ingawa siku hizi wengi hukata kwa Tirinyi ili wawahi. Jinja kuna Kituo cha Falsafa, ambako vijana wa mashirika ya kitawa ya Kikatoliki husomeshwa falsafa kabla ya teolojia. Mbale, pale Nkoma, kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoazimiwa na mkutano wa nchi za Kiislamu huko Lahore mwaka 1974 na kuanza kufundisha 1988. Wengi huona hapo dunia mbili. Kwa upande wa falsafa ni watoto wa mzee mmoja, Aristotle, aliyezaliwa Stagira mwaka 384 K.K.

Njia aliyopita mzee huyo hadi kwetu ni ndefu. Mfalme Justinian alipozuia falsafa kufundishwa Athens mwaka 529, vitabu vilikuwa vimeshaanza kusafiri kuelekea mashariki, mikononi mwa Wakristo wa Shamu waliovitia katika Kisiria. Karne ya 9, chini ya makhalifa wa Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake wakavifikisha katika Kiarabu. Hunayn alikuwa Mkristo akilipwa na Waislamu kutafsiri maandishi ya wapagani, na haielekei kwamba jambo hilo lilimnyima mtu usingizi.

Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, ameeleza mwenyewe jinsi alivyosoma *Metafizikia* ya Aristotle mara 40 hadi akaihifadhi, bila kuambulia kitu. Siku moja alasiri, katika soko la vitabu, dalali alimng'ang'ania anunue kitabu fulani. Akakataa. Dalali akashikilia kwamba mwenye kitabu ana shida ya fedha na atakiachia kwa dirhamu 3. Kilikuwa maelezo ya al-Farabi juu ya kitabu kile kile. Ibn Sina alirudi nyumbani akakisoma, mambo yakafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini.

Kutoka hapo hadi Ulaya daraja lilikuwa Hispania. Toledo, katika karne ya 12, Gerard wa Cremona alitafsiri vitabu vingi kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, na maelezo ya Ibn Rushd wa Cordoba yakafuata. Kanisa lilishtuka: mwaka 1210 maaskofu walipiga marufuku vitabu vya Aristotle vya elimu ya maumbile kufundishwa Paris. Kufikia 1255 vitabu hivyo hivyo vilikuwa vya lazima chuoni humo. Thomas wa Akwino anapomtaja Ibn Rushd mara nyingi humwita "Mfafanuzi" tu, kana kwamba hakuna mwingine. Humpinga vikali, lakini haachi kumsoma.

Waliokata kipande cha katikati cha njia hiyo, kile cha Kiarabu, ni wasomi wa Renaisansi. Petrarch aliwadharau Waarabu waziwazi. Maandishi ya Kigiriki yakaanza kupatikana moja kwa moja kutoka Konstantinopoli, na Plato mzima, kwa Kilatini cha Marsilio Ficino, akachapwa Florence mwaka 1484. Hata hivyo Raphael, alipochora wanafalsafa wa Athens ukutani Vatikani, alimweka mtu mwenye kilemba ambaye wengi humtambua kuwa Ibn Rushd.

Februari 1879 Mapadre Weupe walifika Buganda. Agosti mwaka huo huo Papa Leo XIII alitoa waraka wa kumrudisha Thomas kuwa mwalimu mkuu wa seminari. Kwa hiyo Ukatoliki wa Uganda tangu utoto wake ulinyonyeshwa Aristotle, na ndani yake Ibn Rushd, bila kutajiwa jina lake.

Waorthodoksi wetu walikwenda wenyewe kuutafuta Ugiriki. Reuben Mukasa, aliyejiita Spartas, aliasi Uanglikana na kutangaza kanisa lake mwaka 1929; Upatriarki wa Kigiriki wa Aleksandria ukalitambua rasmi 1946.

Mshairi Okot p'Bitek angetusuta sote. Katika kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika aliwashtaki wasomi, mwanateolojia Mbiti akiwamo, kwa kuivika miungu yetu kanzu za Kigiriki, wakiipachika sifa ambazo wazee hawakuwahi kuitamkia. Naona alikuwa na haki. Ila alizoea kuzungumza kana kwamba kanzu hizo zilishonwa Ulaya, na shtaka lake lingekuwa kali zaidi kama angewaita kizimbani na washonaji wa Baghdad.