Mzigo na Mizani: Vijana, Michango na Usafirishaji katika Nyanda za Karatu na Ngorongoro

Kitabu cha hazina cha usharika huwa na safu mbili, mapato na matumizi. Mtunza hazina mwaminifu huandika humo kila shilingi iliyotolewa, kila kuku aliyeuzwa mnadani baada ya ibada, na kila ahadi iliyolipwa. Lakini mchanga uliosombwa kutoka korongoni, mawe yaliyopandishwa kilimani na maji yaliyobebwa siku ya kumwaga zege havina safu. Kwa sababu hiyo, anayesoma historia ya sharika za Karatu katika vitabu vya hazina peke yake ataona kwamba makanisa yalijengwa na watu wazima wenye fedha. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa majengo hayo ilipita mikononi mwa vijana, na mchango huo unastahili kupimwa kwa kilo, si kwa shilingi tu.

Hapo kale mzigo ulikuwa na kipimo kinachojulikana. Wafanyabiashara wa pwani walipima kwa frasila, ambayo ni takribani kilo 16, na mpagazi wa msafara alipewa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, kila walichokuwa nacho kilikuwa kimebebwa kichwani au begani mwa Mwafrika. Majina ya Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Meru mwaka 1896, yanakumbukwa na Kanisa hadi leo. Majina ya wapagazi wao hayakumbukwi kwa kiasi hicho, na mwandishi wa historia hana budi kulitaja pengo hilo hata asipoweza kulijaza.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini farasi hakuja kumpumzisha mpagazi. Sababu ni maradhi. Mbung'o walieneza nagana katika mapori ya bonde, na ugonjwa wa farasi wa Afrika uliwamaliza wale walionusurika. Wajerumani walifikia hatua ya kujaribu kufuga pundamilia karibu na Kilimanjaro ili wavute magari. Jaribio hilo halikufika mbali. Makaburu waliohamia Arusha kutoka kusini mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na magari makubwa ya kukokotwa na maksai, na ni ng'ombe, pamoja na punda, aliyeshika nafasi ambayo huko Ulaya ilikuwa ya farasi. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, lakini kutoka hapo hadi Karatu zilibaki takribani kilometa 140, na katikati yake ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mapori yenye mbung'o yalifyekwa na Wairaki wengi wakahamia kaskazini, Karatu na Mbulumbulu. Katika miaka ya 1950 kilimo cha ngano kilileta matrekta katika nyanda hizo. Hivyo farasi waliofanikiwa kuishi Karatu walikuwa wale wanaohesabiwa ndani ya injini: trekta la nguvu za farasi 60 au 70. Nyuma yake lilifungwa tela, na tela likawa chombo cha kila kazi: mavuno, mbolea, maiti wa kusafirishwa kwao, wanakwaya waendao mkutano wa Injili, na mchanga wa kanisa.

Vijana na kazi ya mikono

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganishwa kwa makanisa saba. Miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru ilikuwa miaka ya kujitolea. Shule, zahanati na barabara za vijiji zilijengwa kwa nguvu za wananchi, na makanisa hayakuwa tofauti. Kijana aliyepata Kipaimara hakuwa na fedha ya kuahidi, lakini alikuwa na mabega. Kikundi cha vijana kilikwenda kibarua cha kuvuna maharage au kuchuma kahawa upande wa Oldeani, ujira ukaingia katika mfuko wa kikundi. Kikundi kilicholima shamba lake chenyewe kilileta gunia la mahindi au la ngano siku ya Sikukuu ya Mavuno, likanadiwa, na mnunuzi mara nyingi alilirudisha mezani linadiwe tena. Mnada wa namna hiyo ni shule ya ukarimu. Pia ni mahali ambapo bei haina uhusiano wowote na uzito, na wazee wa kanisa hawakuona ubaya wake.

Miaka ya 1970 ilileta uhaba. Bei ya mafuta ilipanda duniani, Serikali ikapiga marufuku uendeshaji wa magari binafsi Jumapili mchana ili kuokoa mafuta, na baada ya vita dhidi ya Idi Amin ya 1978 na 1979, saruji, matairi na dizeli vikawa vitu vya kutafutwa kwa kibali. Trekta lilipolala kwa kukosa tairi, mkokoteni wa ng'ombe ulirudi barabarani. Ndipo swali la uzito lilipopata makali, kwa maana maksai hana geji wala kibao cha kiwandani kinachosema anavuta kiasi gani.

Namna ya kukadiria

Kipimo kilichokuwa karibu ni debe, la lita 20. Debe la maji lina kilo 20. Debe la mahindi lina kilo 16 hadi 18, na ndiyo maana gunia la kilo 100 huitwa la debe sita. Debe la mchanga mkavu hufikia kilo 32, na mchanga uliolowa huzidi hapo. Hesabu hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Debe 20 za mahindi ni kama kilo 340. Debe 20 za mchanga ni kilo 640. Kwa macho, mizigo hiyo miwili hujaza mkokoteni sawasawa, na kijana aliyezoea kupakia mahindi hudanganyika kwa urahisi anapopakia mchanga.

Kwa upande wa mnyama, uzito wake huweza kukadiriwa kwa kamba. Mzunguko wa kifua hupimwa nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimeta, namba hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa urefu wa mwili kuanzia begani hadi makalioni, na jumla hugawanywa kwa 10,840. Dume mwenye kifua cha sentimeta 150 na urefu wa sentimeta 120 ana kilo 250 hivi. Kanuni hiyo imewafaa pia vijana waliopewa ndama na mfadhili kwa ajili ya mfuko wa kikundi, kwa kuwa mnadani mnunuzi mzoefu hukadiria kwa jicho na muuzaji asiye na kamba hupunjwa.

Maksai hufanya kazi ya saa nyingi akivuta kwa nguvu ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi ya kilo 500 ina nguvu ya kilo 50. Katika barabara tambarare ya udongo mgumu, mkokoteni wa matairi hudai sehemu moja ya ishirini tu ya uzito wote, hivyo jozi hiyo huvuta tani nzima, mkokoteni ukiwemo. Barabara ikipanda mita moja kwa kila mita kumi, mlima huongeza sehemu moja ya kumi nyingine, na tani ile hushuka hadi kilo 330. Ukiondoa kilo 150 za mkokoteni wenyewe, zinabaki debe tano za mchanga, badala ya 26 za tambarare. Kwa mlima mfupi ng'ombe huweza kujitutumua maradufu, lakini si kwa mlima mrefu. Wenye busara walifunga jozi ya pili chini ya mlima, au walipunguza mzigo wakaenda mara mbili. Wasio na busara walitumia fimbo.

Tela la trekta lilikuwa na hatari ya upande mwingine, yaani kushuka. Sanduku la mita 3 kwa 2 lenye kina cha nusu mita huchukua meta za ujazo 3, na mchanga mkavu wa kiasi hicho una tani 4.8. Trekta la siku zile lilikuwa na tani 2 na nusu hivi. Tela lisilo na breki likiwa zito kuliko trekta, mteremkoni ndilo linaloendesha na trekta ndilo linaloendeshwa. Kwa hiyo sanduku lilipaswa kujazwa nusu tu, gia ndogo ishikwe kabla ya kuanza kushuka, na mtu yeyote asipande juu ya mzigo. Sharti hili la mwisho ndilo lililovunjwa zaidi, kwa sababu vijana waliofanya kazi tangu alfajiri walitamani kurudi wakiimba juu ya mchanga wao. Mwinjilisti aliyewashusha wakatembea kwa miguu alinung'unikiwa, lakini aliwarudisha nyumbani kwa wazazi wao wakiwa wazima.

Upande wa Ngorongoro

Kutoka Karatu, penye mwinuko wa takribani mita 1,500, barabara hupanda hadi ukingo wa kreta penye mita 2,300 hivi. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kikapigwa marufuku mara nyingine mwaka 2009. Kila mlango wa shamba ulipofungwa, Wamaasai wa hifadhini walizidi kutegemea mahindi ya Karatu, na mahindi hayo yalipanda mlima mgongoni mwa punda. Punda wa Afrika Mashariki ana kilo 120 hadi 150, na mzigo usiomwumiza ni theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Gunia moja, basi, ni mzigo wa punda wawili. Wengi wamepakia gunia zima kwa mmoja, na vidonda vya mgongoni ni ushahidi wake.

Punda katika boma ni mali inayotunzwa na wanawake, na hili lilikuwa na maana yake katika michango. Mtaa ulipohitaji mabati au saruji kufikishwa mahali pasipofika gari, aliyetoa usafiri alikuwa mama, na waliotembea nyuma ya punda walikuwa vijana wake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hautoshi kugawanywa pande mbili bila kupasuliwa; ilibidi kuugawa katika mifuko miwili midogo na kuifunga vizuri isilowe.

Watu wa hifadhini walioanza kuhamia Msomera, mkoani Tanga, mwaka 2022, waliacha nyuma makanisa yaliyojengwa kwa njia hiyo. Katika mjadala wa fidia, thamani ya nyumba huhesabiwa kwa vifaa na vipimo vyake. Safari za punda hazina bei katika hesabu hiyo, kama zilivyokosa safu katika kitabu cha hazina.

Barabara ya lami na harambee

Sinodi katika Mkoa wa Arusha, iliyoanza mwaka 1973 na baadaye ikawa dayosisi ambayo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Kati, ilishuhudia mabadiliko makubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilipojengwa kwa msaada wa Japani. Lori la mchanga likaweza kuagizwa kwa simu. Vijana wakaacha kusomba, wakaanza kuchangisha: kwaya ikauza kaseti, kadi za ahadi zikachapwa, na mgeni rasmi akaalikwa. Baadhi ya wageni hao walikuwa wagombea, na mipaka kati ya sadaka na kampeni haikuwa wazi hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha takrima mwaka 2006. Fedha ilipatikana haraka kuliko zamani. Ahadi zisizolipwa pia ziliongezeka.

Mizani haikuondoka. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zito na mzigo wake, na Wakala wa Vipimo hupambana na lumbesa, gunia lililorundikwa kupita kilo 100. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia, ana maneno mawili ya Kiyunani kwa mzigo: moja kwa ule unaosaidiwa na wenzake, jingine, ambalo lilitumika pia kwa shehena ya meli, kwa ule ambao kila mtu ana wake. Wanafunzi wa theolojia hufundishwa tofauti hiyo darasani. Vijana waliosukuma mkokoteni kutoka nyuma huku wenzao wakishika nira waliifahamu chini ya mlima.

Baadhi ya sharika sasa zimeanza kuandika katika kumbukumbu za ujenzi idadi ya siku za kazi na safari za mzigo, pamoja na majina ya waliozifanya. Kwa majengo ya zamani, wanaozikumbuka safari hizo wamebaki wachache, nao wamezidi umri wa miaka 70.